Kadi ya Bahati Nasibu

Mtu anayeanguka peke yake hakunji koti lake akajiwekea mto. Kwa sababu ya koti hilo Inspekta alirudi tena Ijumaa asubuhi kwenye chumba cha mtunga kamusi, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho wa korido, mahali ambapo hata mfagiaji hufika ameshachoka na kufagia katikati tu.

Daktari alikuwa amekwisha sema yake. Mshipa ulipasuka kichwani Jumatatu alasiri, mzee akaanguka kando ya meza, akaendelea kupumua kwa saa mbili hivi kabla ya kukata roho. Hakupigwa wala hakusukumwa. Lakini kulikuwa na mtu pale. Mtu huyo alimlaza chali, akamkunjia koti chini ya kichwa, kisha akafunga mlango na kwenda zake bila kuita daktari wala jirani. Wangemwahi, alisema daktari, huenda angepona.

Kesho, Jumamosi saa sita mchana, chama kimoja cha hisani kingemkabidhi mpwa wa marehemu funguo za nyumba ya vyumba vitatu, zawadi ya kwanza katika bahati nasibu yao ya mwaka, kwa tiketi ambayo mpwa alisema alipewa na mjomba wake. Funguo zikishatoka, kuzirudisha ni kesi ya miaka. Kama aliyemwacha mzee sakafuni ndiye aliyekuwa anangojea nyumba hiyo, Inspekta alikuwa na siku moja tu ya kumzuia.

Mkuu wa kituo hakuuona uhusiano. Yeye alikuwa na mtu wake tayari, mpiga chapa wa kamusi, mama mtu mzima aliyekuwa na ufunguo wa pili wa chumba na ndiye aliyeukuta mwili Jumanne. Tena koti, alisema mkuu, lilikunjwa kwa ustadi wa kike. Inspekta alimwuliza wanaume wasio na wake hukunjiwa nguo na nani. Mkuu alicheka kidogo, akampa mpaka saa kumi na moja jioni.

Basi akaingia chumbani. Meza moja, kiti kimoja, kikombe kimoja. Kuta tatu zilijaa droo ndogo za mbao, na kila droo ilikuwa na herufi yake. Mgeni hakuwekewa hata kigoda. Inspekta, ambaye kwake pia kulikuwa na kikombe kimoja, aliuangalia ukuta wa nne, wenye dirisha, akajisikia vibaya, kisha akatoa miwani akaanza kazi.

Mpiga chapa alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake kifuani. Ofisini wenzake walimwita mzee Bwana Kadi, alieleza, kwa kuwa kila neno aliliandikia kadi yake. Miaka thelathini na mmoja aliandika, na alikuwa amefika herufi N. Yeye mama alikuwa akichukua kadi mezani kila asubuhi saa nne, anazipiga chapa, anazirudisha. Siku nyingine walizungumza maneno kumi, siku nyingine hakuna. Jana walimzika, na waliosimama kaburini walikuwa wanne ukimhesabu Inspekta na mchimba kaburi.

Inspekta alimtaka amwonyeshe kadi alizokuwa akiandika Jumatatu.

"Ilikuwa moja tu mezani, ya bahati nasibu," mama alisema. "Jumanne, walipomtoa, nikairudisha kwenye droo. Mikono ilifanya yenyewe, mwanangu. Nimezoea."

"Umegusa meza ya marehemu kabla hatujaikagua, mama."

"Najua. Mkubwa wenu ameshaniambia nitajibu hilo."

Alivuta droo ya B. Chini ya kadi, kutoka mbele mpaka nyuma, ulipita msumari mrefu wa chuma uliofungwa kwa nati, ili kadi zisichomoke na kuchanganyika. Akafungua nati, akauchomoa msumari, akatoa kadi moja. Mwandiko wa mzee ulikuwa mdogo, umenyooka kama mshono wa cherehani.

*Bahati nasibu. Mchezo wa kuuza tiketi zenye namba na kumpata mshindi kwa kuokota namba bila kuchagua. Bahati: kutoka Kiajemi, bakht, majaliwa mema ya mtu. Nasibu: kutoka Kiarabu, nasib, fungu, sehemu anayopata mtu. Linganisha: kura.* Chini yake aliandika kwa penseli: *Maneno mawili yametoka mbali, kila moja kwa njia yake, yakakutana kwetu na kuoana. Moja lingetosha. Kwa nini tuliyataka yote mawili?*

"Hilo swali lilimtesa mwezi mzima," mama alisema. "Alikuwa kwenye nasibu, huko N, nasibu ikamrudisha nyuma mpaka B. Nikamwambia, Mzee, acha, watu wanacheza tu, hawana habari na Waajemi. Akasema watu wasio na habari ndio wenye lugha."

Nusu ya chini ya kadi ilikuwa tupu, na juu ya sehemu hiyo tupu palikuwa na mstari wa gundi kavu, mwembamba, wenye nyuzinyuzi za karatasi. Kitu kilikuwa kimebandikwa hapo kwa ukingo mmoja, kama ukurasa unaoweza kugeuzwa, na mtu alikuwa amekibandua. Mama alisema ni tiketi. Mzee hakukubali neno bila ushahidi wa watu kulitumia, kwa hiyo wiki tatu zilizopita alishuka barabarani, akanunua tiketi ya bahati nasibu kwa ajili ya maneno yaliyochapwa juu yake, akaibandika siku hiyohiyo na kuitoboa pamoja na kadi. Kushinda hakukuwa na maana kwake. Mtu wa kununua tiketi ili aisome, mama alisema, duniani alikuwa yeye peke yake.

"Jumatatu asubuhi ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Alikuwa ameitoa droo nzima mezani. Akaniambia Jumanne anaipeleka mahali, hatarudishiwa, kwa hiyo lazima anakili kwanza maneno ya nyuma. Akasema nikija kesho atanipa habari. Alikuwa anatabasamu. Nilishangaa, nikaenda kupiga chapa."

Inspekta aligeuza kadi. Nyuma yake mzee alikuwa ameanza kunakili masharti ya bahati nasibu kwa wino, sharti la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikatika katikati: *Mshindi atafika yeye mwenyewe pamoja na*. Wino uliishia hapo. Mtu hawezi kunakili karatasi asiyokuwa nayo, kwa hiyo tiketi ilikuwa chini ya macho ya mzee alipoinua kalamu mara ya mwisho.

Haya yote yalisimama juu ya neno la mama, na mama ndiye mshukiwa. Mkuu angesema ametunga habari ya tiketi ili ajiokoe. Inspekta aliichukua kadi akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Tobo lilikuwa la duara, lakini upande wa juu, ndani ya tobo, palibaki kijino cha karatasi kidogo kama punje ya mtama. Alichomoa kadi nyingine, kisha nyingine, kutoka A, kutoka K, kutoka M. Kijino kilikuwepo kwenye zote. Mashine ya kutobolea ilikuwa kwenye droo ya meza, nzito, ya kizamani, na kisu chake kilikuwa kimemeguka pembeni. Mama alisema kimemeguka miaka kumi na mitano sasa, na ofisi iliahidi kuleta nyingine.

Inspekta alimshukuru Mungu kwa uzembe wa ofisi.

Saa tano na nusu alikuwa kwa karani wa chama cha hisani, bwana aliyejaa kiti chake na maneno yake. Karani alitaka kwanza ieleweke kwamba chama hakijawahi kuwa na doa. Kisha akataka ieleweke kwamba wapiga picha wamekwisha alikwa kesho. Inspekta aliyaelewa yote mawili, akaomba tiketi. Karani akafungua kasha la chuma kwa funguo mbili, akaiweka mezani kama anaweka yai.

Ukingo wa juu, upande wa nyuma, ulikuwa umechunika. Chini palikuwa na tobo, na ndani ya tobo kijino.

"Hili tobo?" aliuliza.

"Tulimhoji. Sisi si watoto. Alisema aliitundika kwenye msumari kazini kwake ili isipotee. Ameandika na kutia saini."

Maelezo ya mpwa yalikuwa mistari mitano. Mjomba alimpa tiketi siku aliyoinunua, wiki tatu zilizopita, walipokutana barabarani. Haijatoka mikononi mwake tangu hapo. Katika ofisi ya mjomba hajakanyaga miaka kumi na miwili. Inspekta aliomba nakala, akamwambia karani asimkabidhi mtu kitu chochote mpaka atakapomsikia. Karani aliuliza kuhusu wapiga picha. Akaambiwa wapige picha nyumba.

Mpwa alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya maduka yaliyofungwa. Hakuwa na msaidizi. Miguu yake ilikuwa imetokeza chini ya gari lisilo na matairi ya mbele, na Inspekta ilibidi aisalimie miguu kwanza. Akatoka mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, macho mekundu, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Akasema samahani, hawezi kumpa mkono. Redio ilikuwa inaongea peke yake juu ya rafu. Nyuma ya rafu kulikuwa na kitanda cha kukunja, na Inspekta akajua kwamba hapa ndipo anapolala.

Alimpa pole ya msiba. Akamwuliza mambo mepesi, kama mtu anayejaza fomu. Mama yake mpwa alikuwa dada pekee wa mzee, akafariki mapema, na mjomba ndiye aliyemlea mpaka alipoacha shule. Kwa nini aliacha? Alipenda injini. Mjomba alipenda vitabu. Walitupiana maneno siku moja, akaondoka na begi. Tangu hapo, salamu za sikukuu kwa simu, na miaka mingine hata hizo zilipita.

"Lakini tiketi alikupa."

"Tulikutana njiani, afande. Damu nzito kuliko maji."

"Ukaitundika wapi?"

Alionyesha msumari ukutani, juu ya kitanda. Msumari ulikuwa na vumbi. Inspekta alitoa karatasi kwenye daftari lake, akamwomba aitundike. Mpwa aliibonyeza, karatasi ikapenya. Inspekta akaichomoa, akamwonyesha nyuma yake. Msumari ulikuwa umesukuma karatasi ikatoka mdomo pande zote, imechanika ovyo. Kisha akaweka juu ya boneti la gari kadi tatu za mzee, na picha ya tiketi aliyoipiga kwa karani, akaikuza kwenye simu.

"Angalia matobo. Usiniangalie mimi."

Mpwa aliangalia.

"Kisu cha mashine ya mjomba wako kimemeguka. Kila kadi iliyopita pale ina kijino hicho. Haya ni matatu, ofisini kuna maelfu. Tiketi hii ilikuwa kwenye droo yake. Na mjomba wako alikuwa akiinakili Jumatatu, akafika sharti la nne."

Mpwa alifuta mikono kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono, lakini aliendelea kufuta. Akasema labda mjomba aliibandika kwanza, ndipo akampa. Inspekta akamwambia maelezo yake yanasema siku ileile, barabarani. Akasema labda alichanganya siku. Inspekta akasema inawezekana, watu huchanganya. Kisha akasema jambo alilolihifadhi kwa makusudi, kwa sauti ileile ya kujaza fomu.

"Aliishi saa mbili baada ya kuanguka."

Mikono ilisimama.

"Saa mbili gani?"

"Saa mbili. Daktari ameandika. Alikuwa akipumua."

Fundi alikaa kwenye tairi. Inspekta akaizima redio. Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya huyu ilikuwa imefika mwisho ndani ya robo saa. Lakini Inspekta hakufurahi hata kidogo. Alikuwa ametazamia mtu mbaya zaidi.

Yaliyofuata aliyasema kwa vipande. Jumapili mjomba alimpigia simu, akamwambia ameshinda nyumba, aje ofisini kesho wazungumze. Jumatatu saa tisa akapita mlango wa nyuma ambao mchana huwa wazi, ndiyo maana jina lake halimo kwenye daftari la mlinzi. Alimkuta mzee amezama kwenye kadi. Akaomba aione tiketi, akaiona. Akaomba aishike, mzee akamwambia subiri. Akasema afadhali waipeleke sasa hivi, ofisi za chama ziko wazi, yeye ana gari la mteja nje. Mzee akasema kesho. Neno halijakamilika. Akamwambia akae, na kiti cha kukalia hakikuwepo.

"Nilisimama pale kama karani anayengojea saini," alisema. "Miaka kumi na miwili, afande. Ameniita mwenyewe, halafu ananiambia nisubiri amalize neno. Nikajua ameniita aniringie. Nikamwambia hivyo. Akainuka ajibu, akashika kichwa."

"Halafu?"

"Nikamlaza. Nikamwekea koti. Tiketi nikaibandua, nikasema nisiiache, chumba hakifungi vizuri. Nikatoka kuleta gari karibu na ngazi." Alitazama chini ya gari lisilo na matairi, kana kwamba mwingine angetoka pale na kumalizia. "Nikaingia kwenye gari. Nikakaa. Nikajiambia ameshakufa. Nikajiambia hivyo mpaka nikaamini, nikaondoka."

Inspekta alimfunga pingu mbele, si nyuma, akamwacha afunge gereji mwenyewe. Kufuli ilikataa, akamsaidia.

Walifika kituoni saa kumi kasorobo. Mkuu alitoka ofisini, akamwona fundi, akarudi ndani bila kusema neno, na kwa mkuu huyo hiyo ilikuwa kama kuomba radhi. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa mpiga chapa. Inspekta alidhani amekuja kujisalimisha, kumbe ndivyo ilivyokuwa, ila kwa namna yake. Alifungua mkoba, akatoa kadi moja iliyofungwa kwa leso.

Alikuwa amedanganya asubuhi, alisema. Kadi za mezani zilikuwa mbili. Ya pili aliificha kwa sababu mzee hakuwahi hata siku moja kutunga mfano wa kichwani mwake. Mifano yote aliitoa kwa watu, magazetini, sokoni, mahakamani. Huu aliutunga. Wakubwa wangeucheka, na yeye hakutaka mzee achekwe akiwa kaburini. Alitaka pia, basi, abaki na kitu kimoja cha mzee. Halafu ilikuwa imechafuka, na mzee hakuwa mtu wa uchafu. Alijaribu kuifuta Jumanne usiku kwa kifutio, doa halikutoka.

Inspekta aliisoma amesimama. Ilikuwa na tarehe ya Jumatatu. Kwenye pembe ya kulia palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba, ya grisi, imekolea hata mistari ya ngozi ilihesabika. Kisheria ilitosha, yenyewe tu ingemweka mpwa mezani pale. Angeweza kuitia kwenye jalada na kuandika namba yake. Badala yake aliipeleka kwenye chumba cha mahojiano, akaiweka mbele ya fundi, akaigeuza imwelekee.

*Nasibu. Fungu la mtu katika kitu kinachogawanywa. Mfano: "Nyumba ina vyumba vitatu. Kimoja cha vitabu, kimoja changu, na chenye jua la asubuhi ni nasibu ya mpwa wangu."*

Fundi alisoma taratibu, akisogeza midomo. Akarudia kusoma. Kisha akaweka dole gumba lake kando ya alama, bila kuigusa.

"Ilikuwa juu ya tiketi," alisema. "Niliisogeza."

Inspekta alivuta karatasi za maelezo, akaandika tarehe na saa, akamwambia aanze mwanzo kabisa, Jumapili, simu ilipolia, aseme mzee alimwambia nini neno kwa neno.

"Alisema ameshinda nyumba. Kabla ya hapo aliniuliza kama bado naamka alfajiri, kama nilivyokuwa mdogo. Nikamwambia mjomba, nina kazi, sema unachotaka."